Mpima Mitaro Anayemwonea Wivu Nesi

Jua halijakolea, naye ameshapiga magoti kando ya mtaro. Mkono mmoja umeshika futikamba, mwingine umeziba pua. Anaiachia pua, anatumbukiza kijiti kwenye tope, anakichomoa na kukitazama kama mpishi anayekagua mchuzi.

"Umejaa hadi nusu," anasema. "Na mvua bado."

Nyuma yake amesimama mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe na mkoba begani. "Dada, ukimaliza kuuchumbia huo mtaro, watu wanatusubiri."

"Subiri na wewe. Wagonjwa wako hawakimbii."

"Mimi hawanikimbii. Wewe ndiye wanayekukimbia."

Mpima mitaro anakung'uta tope kwenye kijiti. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyomrudisha chuo kikuu akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili.

Ni mchora ramani katika idara ya mipango miji ya halmashauri. Wenzake humwita Futikamba, kwa sababu haitoki mkobani mwake hata akienda harusini. Sasa anasomea shahada mbili za uzamili kwa mpigo, mipango miji na afya ya jamii. Masomo yanayoingiliana huhesabiwa pande zote, na tasnifu ni moja, inayosomwa na idara zote mbili. Mchana anachora, jioni anasoma, na nusu ya mshahara wake inaishia kwenye ada.

"Watu wanadhani nina akili nyingi," anasema akifuta mikono kwa gazeti kuukuu. "Sina. Nina wivu. Andika hivyo hivyo."

Anayemwonea wivu ndiye huyo mwenye koti jeupe, mdogo wake wa tumbo moja, muuguzi wa zahanati ya mtaa. Hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Nesi kwa wote, hata kwa mama yake mzazi.

"Akitumwa chumvi dukani, harudi," Futikamba anasema. "Kila mlango unamwita. Nesi, njoo umwone mtoto anavyotembea! Nesi, pita unywe chai! Mimi nikipita na kipimo changu, milango inafungwa. Mama mmoja alianua nguo zikiwa bado zinachuruzika maji."

Mama huyo alikuwa na sababu. Katika mtaa huu, mtu wa halmashauri akipita na kipimo, nyuma yake huja mwenye rangi nyekundu na kuandika X ukutani. Nyuma ya mwenye rangi huja tingatinga.

Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara. Msimu mmoja wa mvua, benchi la zahanati lilijaa watoto walionyong'onyea kama mboga iliyosahaulika juani. Nesi aliwahudumia mpaka miguu ikavimba. Walipopona, mama zao walimletea vitenge na kuku.

"Mimi nilikuwa najua maji yale yanatoka wapi," Futikamba anasema. "Nilikuwa nayo kwenye ramani, mtaro kwa mtaro. Nani aniulize? Nilikaa pale benchi nikitazama mdogo wangu anavyoshukuriwa, roho inaniuma kama nimeibiwa. Mchora ramani hajawahi kuletewa hata yai."

Akaomba nafasi chuoni, akaipata. Habari hiyo aliitoa mezani, mchana, mbele ya mama yao. Nesi aliweka kijiko chini.

Afya ya jamii ilikuwa ndoto yake Nesi. Aliisema kwa miaka, akisubiri kitinda mimba wake aanze shule.

"Alijua," Nesi anasema, na sauti yake inapanda. "Tulilala kitanda kimoja utoto wote. Nikiota, anasikia. Halafu anaichukua ndoto yangu anaifanya kitoweo cha ya kwake!"

"Kwani chuo kina kiti kimoja?" dada yake anadakia.

"Ulishindwa kuchukua sheria? Ulishindwa uchumi? Wapo wanaochanganya mipango miji na hayo."

"Sheria ingenipa wateja. Mimi nilitaka kuitwa ninywe chai."

Waliishi kwenye ua mmoja bila kusemeshana kwa miezi. Mama yao, fundi cherehani, ndiye aliyebeba salamu na matusi. "Nilikuwa redio yao," anasema, uzi ukiwa katikati ya meno. "Huyu ananiambia mwambie mwenzangu aanue nguo zake kambani. Yule ananiambia mwambie kamba ni ya mama. Na wote wamesimama hapo hapo, wanasikiana!"

Chuoni nako hakukuwa na amani. Futikamba huziita idara zake mbili wake wenza. Akipeleka ramani kwa watu wa afya, wanauliza wagonjwa wako wapi. Akipeleka takwimu za wagonjwa kwa watu wa mipango miji, wanauliza barabara iko wapi. "Kila mmoja anahesabu nimelala kwa nani," anasema, na kucheka mpaka anakohoa.

Kicheko kiliisha kazi ya mtaani ilipoanza. Tasnifu yake inatafuta mitaro ipi inawarudishia watoto kuhara kila mvua inaponyesha, ili halmashauri ijue ianze kuchimba wapi. Kwa hiyo ni lazima aingie ndani ya nyumba, aulize maji machafu yanamwagwa wapi na nani ameumwa. Alikwenda peke yake, amevaa kizibao cha halmashauri kinachong'aa. Mtaa mzima ukawa kimya kama hauna watu.

Idara ya afya chuoni ikamwambia waziwazi: muhula ukiisha bila mahojiano ya kaya, atatolewa. Angebaki na shahada moja, ileile ya kufungiwa milango.

Alihitaji mtu wa kupiga hodi. Nesi akatoa sharti, kupitia kwa mama: aombwe radhi mbele ya familia, naye atamtembeza kila uchochoro.

Badala ya kuomba radhi, Futikamba alikwenda zahanati na kumwomba muuguzi mwingine. Huyo wanamwita Manukato, kwa kuwa harufu yake humtangulia kwa hatua kadhaa, na yeye na Nesi wamekuwa wakiwindana kwa macho tangu waajiriwe. Manukato alikubali hata kabla hajaulizwa vizuri.

Asubuhi ya kazi, Futikamba alifungua geti akamkuta mdogo wake amesimama nje, koti limepigwa pasi, mkoba begani.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza. Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu siku ya kijiko.

"Kazini. Kina mama wa mtaa huu nimewazalisha mimi. Hakuna mtu atakayepita kwa watu wangu akinukia kama duka la vipodozi."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nani kasema?"

Manukato alikutwa kwenye kona, akaambiwa kuna foleni ya chanjo inamsubiri.

Tangu hapo wanatembea hivi, wakirushiana maneno, na leo pia. Nesi anapiga hodi. Mama mwenye mtoto mgongoni anachungulia, anaona futikamba, na uso unamsinyaa. "Mnabomoa?"

"Habomoi," Nesi anasema. "Ni dada yangu. Ana kelele tu."

Mlango unafunguka. Maswali yanaulizwa, majibu yanaandikwa. Wanapoaga, mama huyo anampita Nesi na kumfuata mpima mitaro mpaka nje. "Dada, huu wa kwangu utachimbwa lini? Rudi basi uniambie. Ukirudi utakunywa chai."

Futikamba anajifanya anakunja kamba. Anaikunja polepole sana.

Nesi amesimama pembeni na mkoba wake, hakuna anayemwita. "Umeona?" ananong'ona. "Na jana zahanati waliniuliza yule wa mitaro anarudi lini. Waliniuliza mimi! Nina sindano mkononi!"

Naye ameshapeleka maombi ya masomo yaleyale mawili. "Yeye kaingia kwa mlango wa mipango miji akatokea kwangu," anasema. "Mimi naingia kwa mlango wa afya nitokee kwake. Na nitampita."

Futikamba anatarajia kukabidhi tasnifu kabla ya mvua. Baada ya hapo ataiomba halmashauri iweke meza moja ya mipango na afya, ili mtaro na homa visomwe na jicho moja. Anaitaka meza hiyo iwe yake. "Na najua huyu atakuja kuigombea," anasema. "Na watampenda yeye tena."

Saa ya chakula, mama yao anasimamisha cherehani. "Mkubwa, mwombe mwenzako radhi basi, tule kwa raha."

Nesi anaacha kunawa, anasubiri. Futikamba anaiweka kamba mkobani na kuvuta kiti.

"Ningemwomba, mama, kama angebaki na koti lake na mimi na kijiti changu, tunapishana getini bila salamu. Leo anaitaka kazi yangu na mimi naitaka yake, tumeshalipana. Niombe radhi ya nini? Pakua chakula. Simwombi."