Nilivyompinga Mkaguzi kuhusu 10,001

Jamani, leo nimempinga Mzungu mbele ya darasa langu.

Mzungu huyo, mkaguzi wa shule, alikuja kwetu Njombe kutoka Makambako, akaandika ubaoni 10,001.

"Hii ni namba tasa," akawaambia wanafunzi. "Haigawanyiki."

Inagawanyika!

Niliihangaikia juzi, nikijaribu namba tasa moja moja kuanzia mbili.

(Na ualimu wenyewe nina miezi mitatu tu.)

Nikaandika chini yake: 73 × 137. Chaki ikanikatikia mkononi.

Akazidisha mwenyewe, polepole. Ikatoka 10,001.

"Nani amekufundisha?"

"Nimejaribu mwenyewe, Bwana."

Akaniuliza jina, akaliandika kwenye daftari lake, akaondoka bila kuaga.

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nahofia kazi yangu.

Ninyi mngenyamaza?