Migomba Aliyoing'oa Baba Mdogo

Mengi ya ujana yameshanitoka, mwanangu, lakini ipo siku moja naikumbuka. Nilikuwa msichana, hapa hapa Masoko, na mvua ilikuwa ile ya kwetu isiyojua kukatika. Mama mdogo Tupokigwe aliingia jikoni kwetu na kikapu kitupu, akakaa, akakiweka miguuni pa Mama.

Mama hakuhitaji kuambiwa. Mume wa Tupokigwe, baba mdogo Asajile, alikuwa ameng'oa migomba yote, na magimbi ya kule mtoni, akapanda chai mpaka mlangoni, kwa sababu watu wa shamba kubwa la chai walimwahidi kuchukua kila jani. Walichukua kweli, miaka kadhaa. Kisha lori likaacha kuja. Hakuna aliyekuja kueleza. Chai ikaota ikawa msitu, na watoto hawashibi majani ya chai.

Mama akakijaza kile kikapu ndizi. Kesho yake akapita kwa majirani, na wanawake wakaja na majembe, kila mmoja na machipukizi ya migomba kichwani. Baba mdogo akasimama mlangoni.

"Shemeji, warudishe," alisema. "Watu wataona nimeshindwa."

"Wameshaona," Mama akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Shika jembe."

Alilishika. Alilia huku akichimba, na sisi tukajifanya hatuoni. Nadhani hilo nalo lilikuwa msaada. Mgomba hauzai upesi. Muda wote huo watoto wake walikula kwetu, na kwa jirani, na kwa jirani mwingine.

Sasa nasikia watu wa kampuni ya parachichi wanataka bonde lote, na wewe umeshakubali nusu nusu. Nimechoka, mwanangu. Nimeyasema haya mikutanoni mpaka nikisimama vijana wanatazama simu zao. Sikukatazi parachichi. Panda, uza, somesha watoto. Ila shamba linalokulisha usimkodishie mtu, na jirani akiita watu kulima, nenda, hata kama mgongo unauma. Kampuni ikiondoka haikuagi. Utabaki na huyo jirani.

Mungu ailinde mikono yako, akupe mvua ya kiasi, na watoto wako wasilale njaa juu ya udongo mzuri kama huu. Haya, nenda. Mimi nipumzike kidogo.