Cherehani ya Mama Nyemo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpa cherehani mwanamke asiyeweza kushika kijiko. Naanza na hilo ili ninyi vijana wa ustawi wa jamii mnaoniamkia kwa heshima nyingi mpunguze kidogo.

Zilikuwa enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa Dodoma, na ofisini kila kaya maskini ilitafutiwa mradi, yaani shughuli ya kuiingizia kipato. Mimi nilikuwa msaidizi mpya, kidato cha nne, mpenda kukaa. Fomu ya ziara ya nyumbani ilitaka nipige baiskeli hadi kijijini kwa Mama Nyemo, mjane. Nje jua kali, na kiti changu kilikuwa na mto. Nikaijaza palepale: "Mikono: mizima." Cherehani ikaenda na gari la ofisi.

Wiki iliyofuata Afisa Ustawi wa Wilaya, mama mwenye miwani ya kamba shingoni, aliniita.

"Bwana mdogo, ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Na hili duara la kikombe cha chai kwenye fomu? Ulikunywa huku unaendesha?"

Siku hiyohiyo nilifika. Mama Nyemo alikuwa ameketi nje, mikono na shingo vikichezacheza bila amri yake. Cherehani ilikuwa kando, imefunikwa kanga. Bintiye Nyemo, wa darasa la sita, alikuwa akimlisha. Shule aliiacha, maana majirani hawakukanyaga pale. Wengine walisema ni ulevi, wengine laana, na wote waliogopa kuambukizwa.

"Mwanangu arudi shule," mama alisema, neno mojamoja. "Cherehani chukua."

Sikuichukua. Niliona haya kurudi nayo ofisini.

Daktari alinieleza kuwa huo ni ugonjwa wa neva. Hupita kwenye damu ya ukoo, haupiti kwenye sahani. Dawa ya kuuponya hakuna. Mtoto wa mgonjwa anaweza kuupata au kuukosa, na mara nyingi haujulikani hadi ukubwani. Nikampelekea bosi maelezo hayo.

"Wewe unaweza nini hasa?" akauliza.

"Kukaa na kula, mama."

"Basi nenda ukakae, ukale."

Ndiyo kazi niliyoifanya kwa ustadi kuliko zote. Kila Alhamisi mchana, kijiji kikitazama, nilikula sahani moja na Mama Nyemo: ugali laini wa uwele kwa mlenda, ulioteleza kooni bila kumpalia. Majirani walisubiri nianze kutetemeka. Nikanenepa. Palizi ilipokwisha, mama wa nyumba ya pili alikuja na bakuli lake, akaketi. Wengine wakafuata, wakapeana zamu za kulisha. Nyemo akarudi darasani, na mama yake aliishi hadi kumwona anamaliza la saba.

Sasa nimestaafu, niko Nzuguni, nakaa bila mshahara. Nyemo anashona nguo kule Kizota, kwa cherehani ileile. Juzi alikuja kunisalimia, akanimiminia chai. Amefikia umri wa mama yake wa siku zile. Nikawa namtazama mikono.

"Kaka, uzi bado natunga mwenyewe," akasema akicheka.

Nikaendelea kutazama. Jirani yangu Mama Salma, anayekijua kisa hiki chote, aliyekuja kuomba kiberiti na kukalia kiti changu, hakuvumilia:

"Mzee, toka binti wa watu aingie unamkodolea mikono tu. Huo ugonjwa ukija, tutakwenda kula naye. Leo kunywa chai, inapoa."