Pikapu Nyuma ya Basi la Arlys

Kabla ya kustaafu, Arlys Tiedeman aliendesha basi la shule huko Nebraska kwa miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya watoto aliowabeba walikuja kumletea watoto wao awabebe. Theluji ya magotini, barabara za changarawe, ng'ombe waliovunja uzio na kulala katikati ya njia, vyote alivizoea. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na akigeuza uso tu kwenye kioo, kiti cha nyuma kilikaa kimya. Ndiyo maana yeye na mumewe Merle walipouza shamba na kununua basi-nyumba, lile basi refu lenye kitanda, jiko na choo humo humo, hakuna aliyeuliza nani atashika usukani.

"Wewe mbele, mimi nyuma," Merle alisema.

Na huko nyuma kulikuwa na kazi. Basi kama lile huwezi kwenda nalo dukani kununua maziwa. Ukishaliegesha kambini, umeegesha. Kwa hiyo walivuta pikapu yao, matairi yote manne yakikanyaga lami. Merle, aliyetengeneza matrekta maisha yake yote, ndiye aliyeifunga. Mikono miwili ya chuma ilishika mbele ya pikapu kwa pini. Minyororo miwili ilipita chini, ikikatana, ili mikono ikiachia, gari lisikimbilie watu. Kulikuwa na waya wa taa, na kisanduku kilichokaa chini ya usukani na kuikanyagia pikapu breki kila basi lilipofunga breki. Mwisho kabisa aliingia ndani akaiweka fri ile gia ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu, akaachia hendibreki, akafunga mlango. Wakati huo wote hakutaka kusemeshwa. Akimaliza alipiga ubavu wa basi kwa kiganja na kuita, "Dereva! Twende!"

"Fundi umemaliza kweli, au unataka tu kukaa?" Arlys alimjibu kila mara, kisha akaliwasha basi.

Waliishi hivyo kwa raha. Kiangazi walikuwa kaskazini, karibu na wajukuu. Baridi ikianza kuuma walishuka Arizona, kwenye kambi ya jangwani ambako wastaafu wenzao walikuwa wakifika mmoja mmoja kama ndege wanaorudi. Huko walicheza karata, walichangiana vyakula vya jioni, walisengenyana kidogo. Jirani yao wa kila mwaka alikuwa Nedra, mjane wa Kikanada aliyevuta sigara akisema ameacha.

Nedra ndiye aliyeona kwanza. Asubuhi moja Merle alitoka bafu la kambi na taulo begani, akaingia kwenye basi la Nedra, akakaa mezani, akangoja kahawa. Nedra alimmiminia. Waliongea habari za mvua. Alipomaliza kikombe alitazama mapazia, akatazama tena, akasimama na kuondoka.

"Nimekupokonya mume leo," Nedra alimwambia Arlys. "Kwa kikombe kimoja tu."

Arlys alicheka. Kisha akaona Nedra hacheki.

Baada ya hapo naye alianza kuona mambo, lakini aliyaona kama mtu anavyoona ufa ukutani, akasogeza kabati mbele yake. Merle alikuwa na miaka sabini na kitu, nani asiyesahau?

Mwaka uliofuata, wakishuka tena kusini, walilala New Mexico na kuondoka baada ya chai. Merle alifunga pikapu. Alipiga ubavu wa basi. Arlys alitoka kambini, akaingia barabara kuu, na mara akahisi basi zito, kama linapanda mlima usioonekana. Alidhani ni upepo, maana upepo wa kule husukuma. Kisha lori lilikuja sambamba naye, honi ikilia bila kukoma, na dereva wake akinyoosha kidole nyuma kama kichaa. Arlys alitazama kwenye skrini ya kamera ya nyuma. Ilikuwa nyeupe kwa moshi.

Alisimama pembeni. Matairi ya nyuma ya pikapu hayakuwa yakizunguka hata kidogo. Yalikuwa yameburutwa mpaka mpira ukaisha na nyuzi za waya zikatokeza. Harufu ilikaba koo. Gia ndogo haikuwa fri.

"Niliiweka," Merle alisema.

"Merle."

"Niliiweka, nakwambia! Imeruka yenyewe. Pikapu hii ni mbovu, nimesema siku nyingi." Alikuwa ameinama akishika tairi ambalo bado lilikuwa la moto, na Arlys alimvuta mkono kama anavyovutwa mtoto kwenye jiko.

Wakingoja mtu wa matairi, Arlys alimkatia mkate na nyama baridi, wakala wamekaa kwenye ngazi ya basi, magari yakipita kwa kishindo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kwenye theluji. Hakuwa akiyafikiria matairi. Alikuwa akifikiria: ingekuwa minyororo je? Ingekuwa pini?

Tangu siku hiyo alianza kukagua kwa siri. Merle akishapiga ubavu wa basi na kupanda, Arlys alikumbuka kwamba amesahau miwani kwenye pikapu. Mara nyingine aliacha kofia, au alitaka kutupa taka. Alizunguka nyuma haraka, akagusa kila pini, akachungulia gia. Mara mbili alikuta kitu, akakirekebisha kimyakimya.

Lakini mtu aliyeishi nawe nusu karne huwezi kumdanganya kwa miwani. Asubuhi moja alipoinuka kutoka chini ya mikono ya chuma, Merle alikuwa amesimama hapo hapo.

"Miwani imeingia kwenye minyororo?"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unanikagua."

"Ndiyo," Arlys alisema, akijifuta magoti. "Nakukagua."

"Mimi nilifunga matrekta kabla wewe hujajua pini ni kitu gani! Umenifanya mmoja wa watoto wako wa basi? Unanihesabu kama nimeshuka?"

"Nakuhesabu kwa sababu nataka ushuke mzima, mzee mjinga wewe!"

Watu wa basi la jirani walifunga dirisha. Merle aliingia ndani, na siku nzima hawakusemezana isipokuwa alipotaka chumvi.

Siku ya pili, wakiwa wamekaa nje, Merle ndiye aliyeanza. Alikuwa akitazama mikono yake. "Nikiwa pale nyuma," alisema, "najua kila kitu kinakwenda wapi. Hilo halijaondoka. Kinachoondoka ni kama nimeshakifanya. Nashika pini, sijui kama ndiyo naitia au ndiyo naitoa."

Arlys hakusema atapona. Alivuta kiti chake karibu. "Basi nifundishe. Wewe sema, mimi nifanye."

"Utachafua kucha."

"Kucha zipi? Uliniona na kucha lini?"

Akamfundisha. Alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na bampa, fimbo mkononi, akawa mwalimu mkali asiyevumilia chochote. Minyororo ikatane, haikukatana, rudia. Klipu ya pini itazame nje uione. Usisimame kati ya magari mawili kama moja lina mtu ndani. Usiibembeleze pini, sukuma! Arlys alimtukana, naye alimtukana, na majirani walifungua madirisha tena kwa sababu sasa ilikuwa burudani. Na kazi moja Merle alibaki nayo: Arlys alipovuta basi mbele polepole, yeye alisimama kando kutazama kama matairi yote manne ya pikapu yanazunguka. Hapakuwa na cha kukumbuka hapo. Yalizunguka au hayakuzunguka.

Walipitisha majira mawili ya baridi hivyo. Daktari aliwaambia jina la ugonjwa, wakashukuru, wakaenda kula pilipili mbichi za kuchoma na mayai, na hawakulitaja jina hilo tena mezani.

Kisha likaja lile la njia iliyokwisha. Walikuwa wakirudi kaskazini. Barabara kuu ilikuwa inatengenezwa, kibao cha njia ya mchepuko kikageuzwa na upepo, na Arlys akafuata mshale mpaka lami ikawa changarawe, na changarawe ikawa geti la mfugaji lililofungwa kwa mnyororo. Pembeni mtaro huku, mtaro kule. Kurudi nyuma haiwezekani ukiwa unavuta gari. Ile mikono ya chuma hupinda kama waya wa nguo. Ilibidi afungue pikapu, ageuze kila moja kivyake, kisha afunge upya.

Merle siku hiyo hakuwa vizuri. "Tumefika kwa mama?" aliuliza.

"Bado. Kaa hapo, natazama nyuma."

Nyuma, pini haikutoka. Basi lilikuwa limesimama kwenye kimwinuko, na uzito wa pikapu ulikuwa umevuta mikono ikakaza. Aligonga kwa nyundo. Alikanyaga. Alilia kidogo, kwa hasira, peke yake, upepo ukimtia mchanga mdomoni. Aliposikia hatua alidhani ni mfugaji. Alikuwa Merle, amevaa viatu vya ndani.

Alitazama pini muda mrefu. "Usiipige," alisema. "Imebanwa. Ingia kwenye pikapu, itie gia, isogeze mbele kidogo. Kidogo sana. Ukiona mkono umelegea, vuta hendibreki."

Arlys aliingia, akasogeza mbele kidogo sana, akavuta hendibreki. Pini ikatoka kwa vidole viwili.

"Umeona?" Merle alisema. Kisha akatazama geti, na nyika, na basi. "Nani ameegesha hapa?"

"Mimi."

"Mahali pabaya."

"Nimeliona hilo, mpenzi."

Akamrudisha kitini kwake, akamfunga mkanda, akafanya kazi iliyobaki yote peke yake: akageuza basi kwa kwenda mbele na nyuma vidogo vidogo mpaka likatazama lilikotoka, akaleta pikapu, akafunga mikono, minyororo, waya, kisanduku, gia. Safari hii hapakuwa na wa kutazama matairi. Akavuta mbele, akasimama, akashuka, akaona alama za matairi kwenye vumbi: yamezunguka, hayakuburutwa. Jua lilikuwa bado juu waliporudi kwenye lami.

Hiyo ilikuwa safari yao ndefu ya mwisho. Majira ya kupukutika kwa majani waliuza basi na kuhamia mji wa binti yao, nyumba ndogo yenye ukumbi wa mbele. Wanunuzi walikuwa mume na mke kutoka Ohio. Mume alimfuata Arlys nyuma kwa makini. Mke alibaki jikoni akifungua makabati. Arlys alimwita.

"Aa, hiyo kazi yake yeye," mke alisema akicheka.

"Njoo, dada," Arlys alisema. "Njoo uchafue mikono."

Aliwafundisha wote wawili, mke kwanza, wakafunga gari lao na kulifungua mpaka mume akaomba wapumzike. Walipoondoka, Arlys alisimama barabarani akalitazama basi likikata kona pana na kwa utulivu, kama inavyotakiwa. Kisha akaingia ndani kumpikia Merle viazi, maana alikuwa ameamka na njaa.