PC ya mtumba niliyonunua Kawangware ilikuwa inajiwasha saa kumi kila siku

Niaje wakuu.

Hii story nimekaa nayo wiki tatu na imenishinda kubeba. Naiweka hapa vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Ukiona ni chai, kunywa tu pole pole, sitabishana na mtu kwa comments.

Kwanza mnijue kidogo. Nafanya kazi bakery, shift ya asubuhi, natoka saa sita mchana nikiwa na unga mpaka kwa masikio. Nakaa Kibera, upande ule unapakana na Ayany. Chumba kimoja, mimi na meza yangu ya game. Sina mke, sina TV. Raha yangu ni PC.

Na hapo kwa PC mniruhusu nilalamike, juu hiyo hasira ndiyo ilinipeleka kwa shida.

Gaming siku hizi imekuwa kama kupanga nyumba. Zamani game ukiipata ni yako, unacheza mpaka ikuchoshe. Sasa ni subscription. Kila mwezi ulipe, na ukichelewa siku moja unapata mlango umepigwa kufuli. Hata landlord wangu, na vile ni mkali, hunipea mpaka tarehe kumi!

Alafu game yenyewe inakuja haijaiva. Inajaza disk, inakula bundles, na mwishowe inakuambia graphics card yako imezeeka. Kuna mtu amenunua RAM mwaka huu akatoka dukani akicheka? Asimame tumwone.

Mashine yangu ya kitambo ilikuwa inanguruma kama posho mill. Nikifungua game jirani anagonga ukuta. Kwa hivyo nikaanza kuweka kakitu, mwezi baada ya mwezi, nikitafuta mtumba wa maana.

Kuna fundi tunamwita Mutua, yuko na kibanda Kawangware. Ni Mkamba mmoja mpole, haringi na hauzi takataka. Akanipigia simu, "Bro, nimepata kitu yako."

Wakuu, ile mashine ilikuwa safi. SSD, RAM ya kutosha, graphics card ambayo mimi nilikuwa naiangalia tu kwa picha. Na mwenyewe alikuwa ameitunza, hata vumbi kwa fan hakuna.

Mutua akaiwasha nijaribu. Nikaona account ya mwenyewe bado iko ndani. Jina ni Kevo. Games karibu arobaini, na subscription inalipiwa.

"Ngoja nikuformatie, nifute vitu vyake vyote," Mutua akasema. "Kazi ya dakika chache."

Nikamshika mkono. "Wacha tu hivyo hivyo."

Aliniangalia kidogo, alafu akaitia mashine kwa mfuko. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa nawaza games arobaini za bure mpaka huyo Kevo akumbuke kutoa card yake.

Wiki ya kwanza nilikuwa mbinguni. Natoka kazi, nakula, nalala kidogo, saa tisa nishaamka, nacheza mpaka usiku.

Alafu nikalipia wifi ya mtaa, ndio niache kuchoma bundles za simu. Siku iliyofuata usingizi ulinizidi, nilikuwa bado nimelala mchana, jua kali nje, watoto wanacheza kwa koridoo. Nikasikia fan.

Nikafungua jicho moja. PC imewaka.

Mimi nilikuwa nimeizima, nakumbuka vizuri. Nikaangalia simu, ni saa kumi kamili. Screen ikapita kila kitu peke yake, hakuna password, game ikafunguka. Ile game ya malori, ya kubeba mizigo umbali mrefu. Mimi sijawahi hata kuigusa, napenda za risasi.

Lori jekundu limepaki kwa yadi. Engine inanguruma. Na kando yake kuna lori lingine, la bluu, linaendeshwa na mtu.

Lile la bluu likawasha taa mara mbili.

Sikufanya kitu. Nilikaa kwa kitanda na boxer nikiangalia. Likakaa hapo kama nusu saa, likawasha taa tena mara mbili, likaondoka.

Nikajiambia ni update. Si mnajua Windows na mambo yake.

Kesho yake saa kumi kamili, fan. Game. Lori la bluu. Taa mara mbili.

Siku ya tatu pia. Siku ya nne nilikaa kwa kiti nikingoja, mikono kwa magoti kama mtu amepelekwa kwa principal. Ikajiwasha mbele ya macho yangu. Wasee, ngozi ilinisimama, na ilikuwa mchana peupe.

Ungeniuliza mbona sikuchomoa waya ukutani. Nilichomoa. Lakini nikitaka kucheza si lazima nirudishe? Na nikicheza nasahau kuchomoa.

Alafu mwezi ukaisha. Nilikuwa nimejiandaa account ifungwe. Badala yake ujumbe ukatokea kwa screen, malipo yamepokelewa, asante Kevo.

Hapo nikampigia Mutua. Nikajifanya nauliza tu. "Huyo jamaa wa hii PC, ni mtu wako? Sioni akitoa account yake."

Mutua akashusha sauti. "Kevo alishaaga, bro. Ajali ya pikipiki. Watu wake ndio waliniletea mashine, walikuwa wanatafuta pesa ya kusafirisha mwili mpaka Kitui."

Nilikata simu bila kusema bye.

Sasa nawaambia ukweli ambao unaniaibisha. Nilijua mwenye mashine amekufa, nilijua inajiwasha, nilijua kuna mtu analipia mfu subscription. Na bado sikuformat. Nilifikiria zile games arobaini. Niliweka tu taulo juu ya screen ikifika saa kumi, ndio nisione.

Tamaa ni kitu mbaya, aki.

Jumatano moja transformer ikalipuka huku kwetu. Mlio mmoja, puu, na stima ikapotea plot zote mpaka karibu estate ya Olympic. Watu walitukana mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nililala mchana kama mtoto.

Stima ikarudi Jumamosi asubuhi.

Saa kumi, fan. Sikuwahi kuweka taulo. Lori la bluu liko pale pale, lakini leo halikuwasha taa. Kukatokea maandishi kwa chat, polepole, kama mtu anatafuta herufi moja moja.

"Kijana uliye na mashine ya Kevo. Najua wewe si yeye. Mimi ni baba yake. Tafadhali njoo nyumbani. Mutua atakuleta."

Nilisoma mara tatu. Wiki zote hizo nilikuwa naogopa mzimu. Kumbe kwa huyo mzee, mzimu ulikuwa mimi.

Jumapili Mutua alinifikisha mpaka mlangoni, Kawangware, ile sehemu inaelekea Riruta. Hakuingia. Alisema ana mteja, lakini sidhani.

Baba Kevo alikuwa ameketi kando ya dirisha, blanketi kwa miguu. Mguu mmoja haukuwepo. Alikuwa dereva wa malori miaka mingi, Mombasa hadi mpaka wa Malaba, kisha ugonjwa wa sukari ukamchukua mguu na kazi ikaisha. Mbele yake kulikuwa na laptop ya kitambo na steering ya plastiki imefungwa kwa meza na mpira wa tube.

"Karibu, kijana. Wewe ndio unanitembelea kila siku?"

"Pole mzee," nikasema.

Hakuwa na hasira. Akanieleza. Alipokatwa mguu alikaa miezi bila kuongea na mtu. Kevo ndiye alimwekea hiyo game, akamfunza. Kila siku saa kumi walikuwa wanaingia pamoja, baba na bluu, mtoto na nyekundu. Lakini Kevo alikuwa wa boda, wakati mwingine anachelewa na abiria. Basi akaiset mashine ijiwashe yenyewe, ndio mzee akiingia asipate yadi tupu.

"Taa mara mbili ni nimekuona," mzee akasema. "Hiyo hata barabarani tunatumia."

Kumbe nilipouziwa mashine na wifi ikashika, lori la mtoto wake likarudi kwa yadi. Wiki sita baada ya mazishi. Hebu jiweke kwa hicho kiti.

Mama Kevo akaniita nje nimsaidie kubeba chai. Huko jikoni hakuna kitu cha kubeba, ni chupa moja na vikombe. Akafunga mlango.

"Anajua Kevo hayuko, si wazimu," akasema. "Lakini hiyo pesa ya kila mwezi ya game, unajua anatoa wapi? Anaruka dawa. Ananiambia amemeza, na mimi napata chupa imejaa. Akiacha kulipa, jina la Kevo linazimika, na hataki. Huo mguu mwingine umeanza kubadilika rangi."

Sikuweza kumwangalia. Zile games nilikuwa nafurahia ni dawa za mzee.

"Ongea na yeye," akasema. "Mimi amekataa kunisikia."

Tukarudi na chai. Kabla nifungue mdomo, mzee akaniwahi.

"Kijana, nimekuita kwa sababu ya swali moja tu. Unijibu ukweli."

"Sawa mzee."

"Tangu lori lirudi, umekaa tu hapo umepaki. Hujawahi kunijibu hata siku moja. Lakini Alhamisi nikiwasha taa, lile jekundu lilinijibu. Mara tatu."

Mama Kevo aliweka kikombe chini.

"Mara tatu ni yetu, mimi na Kevo," mzee akaendelea. "Ilikuwa akifika nyumbani usiku, siku zile bado ni dereva, nikiwa ndani namsubiri, ananimulikia na pikipiki kutoka kwa gate. Maana yake, nimefika salama, usinisubiri. Hakuna mtu tuliyemwambia. Sasa niambie. Ni wewe?"

Wakuu. Alhamisi.

Nikamwangalia mzee. Uso wote ulikuwa unasubiri, hata mikono. Nikamwangalia mama, akatikisa kichwa kidogo sana, na sikujua ananiambia sema au usiseme. Nikaangalia mguu chini ya blanketi.

Nikawaza, nikisema si mimi, huyu hatatoka kwa hiyo dirisha tena. Atalipa mpaka amalize dawa zote za dunia.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Nilikuwa nabonyeza tu buttons. Sikujua zina maana."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

"Basi sawa," akasema. "Nilidhani hivyo."

Hakulia. Mama ndiye alilia. Mzee akanipa simu yake, akaniambia nimsaidie kusimamisha yale malipo, yeye haoni vizuri maandishi madogo. Nikabonyeza. Akameza dawa zake na ile chai mbele yetu, moja moja, kama mtoto anaonyesha mama yake. Nikiaga akaniambia, "Hiyo mashine ni yako, ulinunua. Ifute. Kijana wangu alikuwa anapenda vitu safi."

Nilifika nyumbani nikaformat. Nikaingia kwa BIOS, zile setting za ndani za mashine, nikatoa ile alarm ya saa kumi. Games arobaini zikaenda, na sikusikia uchungu hata kidogo.

Siku hizi nimefungua account yangu, najilipia mwenyewe, nimenunua ile ya malori. Mzee nimemwekea hiyo hiyo, ya kununua mara moja, haitaki malipo ya mwezi. Tunaendesha Jumapili, yeye mbele, mimi nyuma, ananitukana nikikata kona vibaya. Mama Kevo anasema mzee anameza dawa.

Funzo nimepata: ukinunua mashine ya mtumba, format pale pale kwa fundi, hata kama ndani kuna dhahabu. Na kitu ya bure, uliza kwanza ni nani anailipia.

Lakini hiyo siyo imefanya niandike.

Alhamisi hiyo, wakuu, transformer ilikuwa imelipuka. Nimeuliza majirani nisije nikawa nimechanganya siku, wote wanasema ni hiyo. PC yangu ilikuwa imezima, wifi imezima, Kibera yote ya upande wetu ilikuwa giza tupu. Na hata kama kungekuwa na stima, mimi siwezi kubonyeza mara tatu kitu sijui.

Wale wa IT najua mtakuja na mambo ya server na cache. Karibuni, nielezeni, nataka kabisa iwe hiyo.

Ila kabla uandike, nijibu kwanza. Kevo alimwambia babake amefika salama, asimsubiri, na mimi nikamwambia mzee ni vidole vyangu. Ungekuwa wewe kwa hicho kiti, ungesemaje?