Altaneta ya Jipu la Baba

Enzi zetu Rwezamenyo, mtaa wetu wa Kigali, Jumamosi ilianza kwa harufu ya sambusa na kuishia kwa harufu ya petroli. Asubuhi tulikuwa chuoni tukisoma Kurani kwa sauti za kushindana, huku kila mmoja akinusa kama mama yake ameanza kukaanga. Mchana tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu litufike magotini. Mtaa mzima ulikuwa na kamba moja na hakuna aliyelalamika. Binti yangu leo ana simu yake mwenyewe na bado ananiambia hana la kufanya.

Baba alikuwa muuza vitenge. Alizunguka kwenye magulio ya nje ya mji kwa jipu kuukuu la kijani, gari la kupanda milima lenye viti vigumu kama madawati ya shule. Tulilipenda, ila lilikuwa na ugonjwa mmoja. Dinamo yake ya kizamani haikujaza betri vizuri, hasa gari likienda polepole. Jioni taa zake zilikuwa nyekundu kama mkaa unaozimika, na asubuhi majirani walitoka na kandambili zao kulisukuma hadi mteremkoni. Likiwaka walipiga makofi, kisha kila mtu akarudi kwenye chai yake.

Vita vilipoanza kaskazini mwaka wa tisini, utani huo uliisha. Vizuizi viliwekwa barabarani, na kwenye kila kizuizi askari walimwamuru baba azime gari. Likizimwa, haliwaki. Siku moja akitoka Gitarama askari walidhani anajifanya. Walimkalisha kwenye matope tangu adhuhuri hadi magharibi, vitenge vyake vimemwagwa barabarani. Aliporudi mama alimfulia suruali. Baba alisema tu kwamba ipo siku gari lile litamuua kwa kukataa kuwaka.

Ndipo alipolipeleka kwa Fundi Gaspari, kule Gatsata juu ya Nyabugogo, kwenye gereji zilizopangana kando ya barabara. Gaspari alikuwa mtu mpole aliyeimba nyimbo za kanisani huku akifungua nati. Alisema dinamo ile haina dawa; tuitoe, tuweke altaneta, mtambo wa kisasa wa kujaza betri. Kazi ilichukua Jumamosi nne, na mimi nilikwenda zote, kwa sababu Gaspari alikuwa na binti wa umri wangu aitwaye Klementina.

Yeye nami tulikuwa na urefu sawa kabisa. Tulijipima kwa mgongo kila tulipokutana. Tulicheza ndani ya magari mabovu, tukiendesha basi la kwenda Bujumbura, na kuteremsha abiria wasio na tiketi. Mama yake alituchemshia viazi vitamu, tukavila vikiwa bado vinaunguza vidole.

Nyuma yetu kazi iliendelea. Altaneta ilitoka kwenye lori dogo lililopinduka, na haikukaa mahali pa dinamo, kwa hiyo Gaspari alikata chuma cha kitanda akatengeneza kishikio. Alinyoosha uzi kutoka gurudumu moja la mkanda hadi jingine, akaona limepinda kidogo, akafungua tena. Nyaya za betri kwenye jipu lile zilikuwa zimefungwa kinyume na magari ya kawaida. Alizigeuza kwanza, la sivyo altaneta ingeungua mara moja. Jumamosi ya nne aliliwasha, akaliacha lingurume palepale, akawasha taa zote. Mchana ule wa jua, taa zilikuwa nyeupe.

"Ile ya zamani ilitaka mbio ndiyo itoe umeme," alimwambia baba. "Hii hata gari iko imesimama, inatoa."

Baba alicheka kama mtoto. Gaspari hakucheka. Alifuta mikono yake polepole. Wakati huo redio ilikuwa imeshaanza kutukana watu wa kabila lake waziwazi, na kwenye vizuizi kitambulisho, ambacho kiliandikwa kabila la mtu, ndicho kilichoangaliwa kwanza. Alimwomba baba jambo moja: mambo yakiharibika, apite awachukue yeye, mke wake na mtoto.

"Nitakuja," baba alisema. "Wallahi nitakuja."

Mambo yaliharibika mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne. Siku ya tatu, asubuhi, baba alivaa kofia yake, akatoka uani. Mama alimshika mkono, kisha akamwachia. Jipu liliwaka kwa mara moja, sauti safi, likateremka kuelekea Kimisagara, njia ya kwenda Gatsata.

Alirudi kabla ya saa moja kupita. Aliegesha, akazima, akabaki ndani. Mama alipofungua mlango alimkuta amelaza kichwa kwenye usukani. Alimweleza polepole, nami nilikuwa dirishani nikasikia. Kizuizi cha kwanza kilimruhusu. Cha pili, karibu na daraja la Nyabugogo, waliangalia kitambulisho chake wakamwachia pia. Lakini kando ya barabara kulikuwa na watu wamelala, wanawake na watoto, na hawakuwa wamelala. Alifikiria kurudi kupitia palepale akiwa na Gaspari na familia yake ndani. Alifikiria sisi. Akageuza gari.

"Nimeshindwa," alisema.

Kesho yake alikaa tena ndani ya jipu, ufunguo mkononi, mpaka jua likawa kali. Hakuliwasha.

Vita vilipokwisha alikwenda Gatsata kwa miguu. Nyumba ya Gaspari haikuwa na bati wala milango. Mwanamke jirani, aliyepona kwa kufichwa juu ya dari, alimsimulia. Walikaa siku nne nyuma ya mlango, vitu vyao vimefungwa kwenye shuka, na Klementina ameketi juu ya furushi kwa sababu alitaka awe wa kwanza kupanda. Majirani wengine waliwaita wakimbilie kanisani, Gaspari akakataa.

"Walikuwa wanangoja gari," yule mwanamke alisema. Hakumlaumu. Hakujua anaongea na nani.

Baba aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Aliuza vitenge, alisali, alituoza. Mara moja tu alinizungumzia jambo hilo. Alisema angemshukuru Mungu kama siku ile gari lingekataa kuwaka, kwa kuwa angekuwa na la kujibu.

Wenzangu wa rika langu mnaijua Kigali ya leo. Barabara zimefagiliwa, taa zinawaka mji mzima, vijana wananung'unika pikipiki ikichelewa dakika tano. Siwalaumu, hayo ndiyo matatizo tuliyowaombea. Wanaamini pia kwamba mtu hapotei. Juzi nilimsimulia binti yangu habari za Klementina, viazi na basi la kwenda Bujumbura, akachukua simu yake kwa moyo mwema kabisa.

"Mama, nipe majina yake yote nimtafute. Labda alipona."

Kwangu alikuwa Klementina tu. Jina lake la Kinyarwanda, lile alilopewa na baba yake, sikuwahi kumuuliza, na sasa sijui hata mtu mmoja wa kumuuliza.