Injinia wa Silikoni

Godlisten alikuja Morogoro kutoka Moshi akijua kufungua tairi, na hata hilo wapo wanaobisha. Alikodi kibanda karibu na Msamvu, akaandika ukutani INJINIA, akanunua gundi ya silikoni. Tangu hapo, kila kinachovuja alikipaka gundi. Gari likitoka machoni pake, linavuja tena. Mteja wa kiume akilalamika, humjibu kwa Kiingereza cha kwenye makopo ya oili. Mwanamke akilalamika, humcheka tu.

Winfrida, anayeshusha ndizi za Matombo kwa pikapu yake, alikuwa mmoja wa waliochekwa. Injini yake ilivujisha oili kwa juu, kwenye kile kifuniko mafundi wanachokiita tepeti kava. Alinunua mwenyewe gasketi mpya, ule mpira wa kuziba ukingo wa kifuniko, akampa Godlisten mkononi. Akaambiwa aende akanywe chai. Aliporudi alikuta injini imefutwa, inang'aa.

"Gasketi imekaa, dada. Wewe kanyaga tu."

Wiki hiyohiyo baba mkwe wa Godlisten akafariki huko Matombo. Editha, mke wa Godlisten, alikuwa ameshatangulia kumuuguza. Gari la injinia mwenyewe lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka juzi, hivyo majirani tuliokwenda kuzika tulikodi pikapu ya Winfrida. Godlisten alipoiona, akasita.

"Hakuna gari jingine?"

"Hili si umelitengeneza wewe?" Winfrida akamuuliza.

Mtu mwenye haya angesema palepale. Yeye alipanda mbele, begi lake la spana miguuni, akafungua dirisha.

Mkuyuni tulipita salama. Kwenye mlima unaofuata tukasikia harufu ya oili inayoungua, kisha moshi ukatoka chini ya boneti. Winfrida akaegesha, tukaweka mawe nyuma ya matairi. Oili ilikuwa inachuruzika juu ya bomba la ekzosi.

"Fundi, shuka."

"Ni joto tu, dada. Ikipoa tutaondoka."

"Na oili hii nayo ni joto?"

"Gasketi za siku hizi feki. Mimi nifanyeje?"

Tukangoja injini ipoe. Paulo, shemeji wa fundi, akapiga simu kutoka msibani kuuliza kama padre aanze. Godlisten alijibu kwamba barabara ni mbaya, kisha akasimama pembeni akitazama migomba ya watu. Winfrida alichoka kumngoja. Akavuta begi kutafuta spana, na mkono wake ukatoka na gasketi yake, mpya, bado imo ndani ya nailoni.

"Kumbe hata msibani umekuja nayo," alisema mama Rosa, jirani yetu.

"Nilikuwa namtunzia."

Hakuna aliyeona haja ya kumtukana.

"Ifunge," Winfrida alisema, akasimama karibu yake asiondoke.

Godlisten akafungua bolti, akanyanyua kifuniko. Gasketi ya zamani ilikuwa ngumu kama gome, imezungushiwa silikoni kama uji uliofurika sufuriani. Akaikwangua yote, akafuta kingo kwa kitambaa mpaka zikakauka, akalaza mpya kwenye mfereji wake, akakaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati. Jasho lilimtiririka. Kilichotuudhi zaidi ni kwamba alifanya vizuri. Kumbe kazi anaijua! Miaka yote ile tulimhurumia kwa ujinga, kumbe ni uvivu na udokozi.

Winfrida akaongeza oili, akawasha. Halikudondoka hata tone.

Tulifika watu wakishuka kutoka makaburini. Mzee alizikwa bila mkwe wake kumtupia udongo. Editha aliliangalia shati la mumewe lililojaa oili.

"Pole na safari," akamwambia kama anavyoambiwa mgeni, akaenda kuwapakulia watu chakula. Godlisten alikaa peke yake kwenye mkeka, na sahani yake ilikuja mwisho.

Nilidhani ameaibika. Jumatatu nilipita kibandani nikamkuta anawasimulia wateja jinsi alivyofumua injini mlimani, mikono mitupu, akauokoa msafara mzima wa mazishi. Mmoja wao alikuwa ameshamkabidhi funguo.